Mtoto mkorofi, mazimwi na chakula cha moto: kitabu cha Max kinasema nini hasa?

Mzazi wa kwetu akikifungua kwa mara ya kwanza kitabu cha picha cha Maurice Sendak kiitwacho Where the Wild Things Are, mara nyingi hukifunga akinung'unika. Mtoto aitwaye Max kafanya fujo nyumba nzima. Kamjibu mama yake kwa jeuri. Kapelekwa akalale bila kula. Humo chumbani kaondoka zake kwenda kuwa mfalme wa mazimwi, kacheza mpaka kachoka, karudi, na chakula kinamngoja mezani kingali cha moto. Hakuna "samahani mama". Hakuna kiboko. Hakuna mkubwa aliyemkalisha chini akamwonya. Sasa hapo mtoto kafunzwa nini?

Swali ni la haki, na halikuanza kwetu. Wamarekani wenyewe walibishana tangu kitabu kilipotoka mwaka 1963, na wazazi Waswahili walioko Marekani, Kanada au Uingereza huliuliza upya siku mtoto anapokuja nacho nyumbani kutoka maktaba ya shule. Naamini ubishi huu unatokana na sisi kuchanganya mambo matatu ambayo Sendak aliyatenga kwa uangalifu mkubwa: kosa, adhabu na msamaha.

Kosa ni kitendo: mtoto kapiga, kavunja, katukana. Baada ya kosa huja matokeo yake. Mengine huja yenyewe, kama mtoto anayewaonea wenzake mpaka wakamkimbia akabaki kucheza peke yake. Mengine huwekwa na mkubwa, nayo ndiyo tunayoita adhabu. Msamaha ndio unaotutatiza, kwa sababu wengi wetu tumekua tukidhani kusamehewa ni kufutiwa adhabu. Mama akisema "basi, nimekusamehe", tunaelewa kwamba fimbo imewekwa pembeni.

Mfikirie Mangi wa duka la mtaani kwako na lile daftari lake la madeni. Ukikopa unga, unaandikwa. Siku ya kulipa utalipa, na kulipa huko hakusemi lolote kuhusu yeye anakuonaje. Anaweza kukudai mpaka senti ya mwisho, na kesho yake ukipita bado akakuita kwa jina na kukuuliza hali ya wanao. Anaweza pia kukufutia deni lote halafu asikutazame tena usoni. Deni liko kwenye daftari, undugu uko kwenye salamu. Adhabu ni mambo ya daftari. Msamaha ni ile salamu ya asubuhi, nayo inaweza kuwapo hata deni likiwa halijafutwa.

Tukilishika hilo, tunaweza kumfuata Max.

Picha ya kwanza inamwonyesha ndani ya vazi jeupe la mbwa mwitu, lenye masikio na mkia. Ameshika nyundo kubwa, anapigilia msumari ukutani ili afunge kamba aliyoiunga kwa vitambaa, na dubu wake wa kuchezea ananing'inia hapo kwa mkono mmoja. Picha ya pili anamrukia mbwa wa nyumbani, uma mkononi. Pale pale ukutani pametundikwa mchoro wa zimwi, wenye jina la aliyeuchora: Max. Watu wazima huupita mchoro huo bila kuuona, watoto huuona mara moja. Mazimwi hayakutoka mbali yakamvamia mtoto wa watu. Yalikuwamo nyumbani kabla safari haijaanza, na yeye ndiye aliyeyachora.

Mama anamwita zimwi. Max anamjibu kwamba atamla. Anapelekwa kulala bila kula chochote. Kosa, jeuri na adhabu vyote vimekwisha hapo, katika sentensi moja iliyotandazwa juu ya kurasa tatu. Kitabu kizima kina maneno 338 tu kwa Kiingereza, na Sendak hakutumia hata moja kati ya hayo kujadili kama adhabu ilistahili au la. Mama kaamua, mtoto kaingia chumbani, mlango umefungwa. Anayesema mtoto huyu hakuadhibiwa arudi asome ukurasa huo tena.

Kisha chumba kinaanza kuota miti. Nguzo za kitanda zinageuka vigogo, dari inafunikwa na matawi, kuta zinatoweka. Max anapanda mashua, anasafiri usiku na mchana na majuma mengi, karibu mwaka mzima, hadi anafika kwenye mazimwi. Yananguruma, yanasaga meno, yanageuza macho, yanatoa makucha. Yeye anayaamuru yatulie na kuyakazia macho bila kupepesa hata mara moja, nayo yanaogopa na kumvika taji.

Hapa ndipo anayefuata maneno peke yake hupotea njia, kwa sababu nusu ya hadithi iko kwenye ukubwa wa picha. Ile picha ya kwanza ya Max na nyundo yake ni ndogo, imebanwa katikati ya weupe mpana wa karatasi. Kadiri hasira inavyopanda, picha nayo inatanuka. Msitu ukisha kuota, rangi zimefika kwenye kingo za ukurasa. Anapopanda mashua, bahari inavuka mshono wa kitabu na kuanza kula upande wa maneno. Halafu Max anatangaza vurumai ianze, na zinafuata picha tatu, kila moja imejaza kurasa mbili zilizokabiliana, bila neno hata moja. Mazimwi yanacheza mbalamwezini, yananing'inia kwenye miti, yanaandamana na mfalme wao mabegani. Sauti ya msimulizi imekatika kabisa.

Aliyewahi kumlea mtoto wa miaka minne anaujua wakati huo. Mtoto akiwa kwenye kilele cha hasira hana maneno na hasikii maneno. Unamwonya, unamhubiria, unamtisha, haingii kitu. Sendak hakueleza jambo hilo kwa sentensi. Aliyaondoa maneno kwenye karatasi, akamwacha mtoto apige kelele mpaka ziishe. Na zinaisha kweli. Max mwenyewe anasema basi, maneno yanarudi chini ya picha, na picha zinaanza kusinyaa.

Jambo analolifanya baada ya kusema basi ndilo kiini cha kitabu kizima: anayapeleka mazimwi kulala bila kula. Ni adhabu ile ile aliyopewa yeye. Mtoto aliyetishia kumla mama yake sasa amekaa kwenye kiti cha mama. Ana taji, ana fimbo ya ufalme, ana raia wakubwa wanaomtii. Lakini amekaa kwenye hema lake ameshika tama, mpweke, anatamani kuwa mahali ambapo yupo mtu anayempenda kuliko wote.

Sisi tunao msemo wa kumtupia Max: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tazama ulimwengu huu wa mazimwi unamfunza nini. Haumfunzi kitu, unamtii tu. Kila anachotaka kinafanyika, na ndiyo maana hauwezi kumkidhi. Kilichomfunza ni kukaa mahali pa mama, akaona kwamba anayetoa amri ya "kalale bila kula" naye hubaki peke yake na uamuzi wake. Mzazi anayelalamika kwamba Max hakuomba radhi anatafuta toba kwenye mdomo. Sendak aliiweka kwenye kichwa: mtoto anavua ufalme. Kwa mtoto mdogo hilo ni jambo zito kuliko "samahani" anayoitamka huku anatazama pembeni, kwa sababu amelazimishwa na anajua ndiyo nauli ya kurudishiwa simu.

Sasa tuje kwenye chakula, ambako kutoelewana ni kukubwa zaidi. Wanaosema mama alilegeza wanadhani mambo yalikwenda hivi: Max kakosa, Max kaadhibiwa, Max karudi, mama kamhurumia, mama kampa chakula. Fuata mpangilio wa kitabu. Max yuko bado kule kwa mazimwi, hajafunga safari, hajamwambia mtu neno, pale anapoisikia harufu ya chakula kizuri ikitoka upande wa pili wa dunia. Harufu hiyo ndiyo inayomfanya auache ufalme. Kwa hiyo chakula kilitangulia. Mama hakungoja mtoto aje apige magoti ndipo awashe jiko. Msamaha ulikuwa njiani kabla ya toba, na ndio ulioivuta toba nyumbani.

Hilo lina tofauti kubwa na kulegeza. Mama mlegevu angefungua mlango baada ya dakika tano, akaingia na biskuti, akaomba yeye radhi kwa kumkasirikia mtoto. Huyu hakufanya hivyo. Neno lake lilisimama, na mtoto alipita ndani ya hasira yake hadi mwisho bila kuokolewa njiani. Alichokifanya ni kuhakikisha kwamba mtoto akimaliza, atakuta bado ana mama. Mlango wa chumba ulifungwa, mlango wa moyo haukufungwa, na watoto wengi wanaochapwa na kukaripiwa kila siku hawana uhakika na huo wa pili hata kidogo.

Ndiyo maana Sendak aligombania neno moja la mwisho. Kwenye ofisi ya mchapishaji wake, Harper & Row ya New York, palikuwa na waliotaka chakula kiwe vuguvugu, wakihofia mtoto ataungua. Yeye akakataa, akashikilia kiwe cha moto. Uvuguvugu ungeharibu kila kitu. Chakula vuguvugu ni cha mtu aliyesahaulika, kimewekwa saa nyingi zilizopita na aliyekiweka kaenda zake. Cha moto kina maana ya kwamba kuna mtu alikuwa anafikiria kuhusu wewe muda si mrefu uliopita. Maneno machache yanayosema chakula kilikuwa bado cha moto yako peke yake kwenye ukurasa usio na picha.

Kuna wanaouliza kama yote yalikuwa ndoto. Kitabu hakisemi popote kwamba Max alilala. Kinasema alisafiri karibu mwaka, na chakula hakijapoa. Dirishani mwa chumba kile mwezi mwanzoni ni mwandamo, na mwishoni ni mpevu. Sendak ameweka ushahidi wa pande zote mbili kwa makusudi, na mtoto hahitaji kuambiwa upi ni wa kweli. Angalia pia kwamba picha ya mwisho ya chumba haikurudi kuwa ndogo kama zile za mwanzo. Chumba ni kile kile, lakini sasa kimejaza ukurasa wote.

Hoja nyingine inayorudi kila kizazi ni kwamba kitabu kinatisha watoto. Mwaka 1969 mwanasaikolojia maarufu wa Chicago, Bruno Bettelheim, alikikosoa katika jarida la akina mama, Ladies' Home Journal. Alisema hofu kubwa kuliko zote kwa mtoto ni kutupwa na mama, na kumnyima chakula mtoto aliyepelekwa kulala ni kumgusa hapo hapo. Hoja yenyewe ina uzito. Lakini Bettelheim alikuwa hajakisoma kitabu. Alitegemea walivyomsimulia akina mama, na kwa hivyo alikizungumzia kana kwamba kinaishia kwenye adhabu. Hofu aliyoitaja ndiyo hofu ambayo kitabu kinaijibu kwenye kurasa za mwisho. Ukimsomea mtoto mpaka katikati halafu ukazima taa, kweli umemtisha. Ukimsomea mpaka kwenye chakula, umemwonyesha hofu yake ikifika mwisho wake.

Sendak hakuwa mtu wa kuchezea hofu. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1928, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Poland, na utotoni aliugua sana akalazwa kitandani kwa muda mrefu. Alipokuwa mdogo bado, mwaka 1932, mtoto mchanga wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh aliibwa kitandani kwake na kuuawa, na Sendak alisema habari ile ilimkaa maisha yake yote: kama mtoto wa tajiri yule hakuwa salama, nani angekuwa salama? Baadaye ndugu wengi wa familia yake waliobaki Ulaya waliangamizwa na Wanazi. Alipopokea Medali ya Caldecott mwaka 1964, tuzo ya juu ya Marekani kwa mchoraji wa kitabu cha picha, alieleza kwamba watoto huishi na hofu na wasiwasi kama sehemu ya kawaida ya kila siku, na kwamba njia yao ya kuvifuga ni kubuni mambo kichwani. Mtu mzima anayedhani kwamba mtoto hana mazimwi mpaka aonyeshwe kitabuni amesahau utoto wake.

Na mazimwi yenyewe yalikuwa akina nani? Sendak alisimulia kwamba yalikuwa shangazi na wajomba zake, wageni wa Jumapili waliokuja kula kwao. Walikuwa na meno mabovu na nywele zikiwachomoza puani, wakamfinya mashavu na kumwambia yeye ni mtamu mno, watamla. Mama yake alikuwa mzito jikoni, basi mtoto akawa anaomba chakula kiive haraka kabla hao hawajamgeukia yeye. Hili halihitaji kufasiriwa kwa mtu aliyekulia kwenye ukoo wa kwetu, ambako bibi humng'ata mjukuu shavu na kumwambia "nitakutafuna wewe!" kwa mapenzi yote, huku mtoto hajui acheke au akimbie. Max anapoaga, mazimwi yanamlilia asiende, yatamla kwa jinsi yanavyompenda. Wahenga wetu walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sijaona picha inayoufaa msemo huo kuliko hiyo, ya mtoto anayepunga mkono kutoka kwenye mashua huku mazimwi yanamngurumia kwa huzuni.

Kutishia kula, basi, kumepita kitabu chote. Max anamtishia mama, mazimwi yanamtishia Max, na katikati kuna chakula halisi. Kwa mtoto, kupenda na kukasirika vinakaa mdomoni pamoja. Max hakumchukia mama yake aliposema atamla. Alikuwa na hisia kubwa kuliko maneno aliyokuwa nayo. Mzazi anayelijua hilo atamwadhibu mtoto kwa jeuri ile bila kuumizwa nayo binafsi, na asiyelijua atabeba neno la mtoto wa miaka minne kwa siku tatu, anapita sebuleni bila kumsemesha. Hiyo ndiyo adhabu ambayo Max hakupewa, ya kununiwa, na kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote tunazotumia majumbani mwetu, kwa sababu haina mwisho unaojulikana. Kiboko kina idadi. Kununa hakuna.

Liko jambo moja ambalo siwezi kulipamba. Kumlaza mtoto bila kula ilikuwa adhabu ya kawaida katika nyumba nyingi za Marekani za wakati ule, nyumba zenye friji iliyojaa, na kitabu kinaichukulia hivyo. Mimi siikubali. Kwa mtoto aliyewahi kulala na njaa kwa sababu ndani hamkuwa na unga, ukurasa ule hausomeki kama wa utundu na nidhamu, na msomaji mkubwa ana wajibu wa kulijua hilo kabla hajaufungua mbele ya darasa. Ukisoma na mtoto wako, mwambie waziwazi: nyumbani kwetu hatunyimani chakula, lakini ukimtukana mtu utakwenda chumbani utulie. Halafu endelea. Ukifika kwenye zile picha tatu zisizo na maneno, usizijaze kwa maelezo yako. Mpe muda azitazame, hata kama ni dakika tano, na akitaka kunguruma mwache angurume. Akiuliza mama wa Max yuko wapi, maana haonekani kwenye picha hata moja, mrudishie swali: nani kaleta chakula? Watoto wa miaka mitatu hadi saba hulijibu bila kusita. Na wale wakubwa kidogo, wa darasa la pili au la tatu, waulize kwa nini Max aliyanyima mazimwi chakula. Hapo utasikia mengi kuhusu nyumba yako mwenyewe, kwa hiyo uwe tayari kusikiliza bila kujitetea.